Marki Imepanda, Boma Halijengwi

Karibu na Stuttgart, Ujerumani Magharibi
Jumapili, 3 Machi 1985

Odongo, pacha wangu,

Leo ni tarehe tatu Machi 1985, na mwezi huu ninatimiza miaka ishirini na mitano tangu uliponisindikiza uwanja wa ndege wa Embakasi. Mvua ilikuwa inanyesha, nikakuvalisha koti langu kwa kuwa lako lilikuwa limeloa, ukarudi nalo Makongeni. Sijui kama bado unalo. Hapa nimeyavaa makoti sita au saba, na hakuna hata moja lililonikaa kama lile.

Nakusalimu, na kwako mpe shemeji Kezia salamu zangu, pamoja na binti yetu Anyango ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii. Anyango, soma polepole, baba yako hupenda kukatiza. Mimi ni mzima. Theluji imeanza kuyeyuka na barabara zina matope kama ya barabara ya Landhies mwezi wa Aprili.

Sasa jambo lenyewe. Safari ya kuja nyumbani Desemba, niliyokuahidi, haitawezekana, na sababu yake ni dola ya Marekani.

Utauliza dola inahusiana vipi na sindano yangu. Magari ninayoyashonea viti vya ngozi ni ya matajiri, na wengi wao wako Marekani. Kiwanda kinatulipa kwa marki, lakini daktari wa California anayenunua gari analipa kwa dola. Miaka mitano iliyopita dola moja haikufikisha marki mbili. Wiki iliyopita ilipita tatu na robo. Gari ni lile lile, ngozi ni ile ile, mshono ni ule ule wangu niliojifunza kwenye mabehewa ya daraja la kwanza pale karakana ya reli; ila kwa yule daktari bei imekuwa ya mnada. Wananunua kama watu wanavyonunua sukari siku moja kabla ya bajeti.

Kwa hiyo tunashona hata Jumamosi, na likizo ndefu zimefutwa. Nilipomwomba msimamizi wiki sita, alicheka: "Opiyo, dola ikiwa juu haendi mtu popote. Omba ishuke, ndipo upumzike."

Naomba ishuke. Ngoja mwaka mmoja tu.

Ndugu yako,
Opiyo


Makongeni, Nairobi
19 Mei 1985

Ndugu mkubwa Opiyo,

Barua yako imefika na tumeifurahia, hasa pale uliponitukana kwa mdomo wa Anyango. Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imetunyeshea hadi choo cha uani kikafurika. Kwaya yetu ilialikwa Kaloleni tukaimba vizuri, ila sauti ya nne walipotea njia, nami nilikuwa mmoja wao. Anyango amepata kazi ya kupiga taipu. Koti lako ninalo, limening'inia nyuma ya mlango, Kezia hulipiga brashi kila Pasaka.

Nimeelewa habari ya dola, au nimeielewa nusu. Lakini nawe elewa hii yangu. Juni 1987 tutatimiza miaka hamsini na mitano, na reli itanipa mkono wa kwaheri pamoja na notisi ya nyumba. Nyumba hii ni ya reli, si yangu. Nimeishi ndani yake tangu uhuru na sijawahi kupigilia msumari bila kuomba ruhusa.

Unajua sheria ya kwetu kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiketi na baba. Mdogo hajengi boma lake kijijini Alego kabla ya mkubwa. Akimruka kaka yake, chira inaingia nyumbani: watoto wanakonda mikononi na hakuna daktari anayejua kwa nini. Mimi ni Mkristo na ninaimba sauti ya nne, lakini Kezia alizika watoto wawili kabla ya kumpata Anyango, na siwezi kumwambia tena ajaribu bahati yake.

Juzi alikuwa anachambua mchele, akaniuliza bila kuinua macho, "Shemeji alikutangulia kwa dakika ngapi?"

Nikamwambia mama alisema ni muda wa maji ya chai kuchemka.

"Basi maji hayo yamechemka miaka ishirini na mitano. Mwandikie aje aipue sufuria."

Nimeandika.

Mdogo wako kwa sufuria moja,
Nahashon Odongo


Karibu na Stuttgart
26 Januari 1986

Odongo,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Salamu za mwaka mpya kwenu nyote. Anyango hongera kwa taipu, sasa utakuwa unanisahihisha.

Mwambie shemeji nimecheka, halafu nikaacha kucheka.

Ile dua ya msimamizi wangu imejibiwa. Mwezi wa Septemba mawaziri wa fedha wa nchi tano kubwa walikutana New York wakakubaliana dola ishushwe. Nilisoma gazetini nikiwa kwenye kituo cha tramu, nikafurahi kama mtoto aliyesikia shule imefungwa. Nikajiambia, sasa nitapumzika, sasa nitakwenda nyumbani. Dola leo haifiki marki mbili na nusu na bado inateremka.

Nikarudi kwa msimamizi kuomba ruhusa. Safari hii hakucheka. Aliniambia, "Mzee, anayetoka sasa akirudi atakuta stuli yake imekaliwa, au imeuzwa." Kazi ya Jumamosi imeisha. Vijana wawili wa mkataba, Waturuki, wameambiwa wasirudi baada ya Krismasi.

Unaona nilivyobanwa? Dola ilipokuwa juu hawakuweza kuniachilia. Imeshuka, nami siwezi kuthubutu kuondoka.

Lakini sikati tamaa. Nimetuma fedha kwa benki. Nunua mabati, nunua mbao, fanya milango na madirisha kabisa, ya nyumba mbili, yangu ndogo na yako kubwa. Nitakapokuja Desemba hii iwe ni kazi ya kusimamisha tu. Nitaweka nguzo yangu, nitalala usiku wangu mmoja ndani, na asubuhi yake wewe uweke yako.

Viatu vyangu vimeanza kunibana jioni. Nadhani ni uzee.

Opiyo


Makongeni
9 Novemba 1986

Ndugu mkubwa,

Tunakusalimu sana. Mahindi ya Alego yalikuwa mazuri, Kezia ameleta magunia mawili na wageni wa kuyamaliza.

Opiyo, jana nimetoka benki nikiimba! Karani aliniambia kuwa ile marki yako, ambayo mwaka jana mwanzoni haikufika shilingi tano, sasa inapita nane. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba aandike kwenye karatasi. Akasema, "Mzee, hii ni benki, si kwa mganga. Nikikwambia nane ni nane." Mkamba mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, Makau, akaniuliza, "Una nani Ujerumani?" Nikamwambia nina pacha. Akasema, "Ndiyo maana pesa yenyewe inazaa mapacha."

Sasa nimeelewa mambo ya fedha za kigeni! Dola imeshuka, marki imepanda, na Mungu ametukumbuka. Hakuna wakati mzuri kuliko huu. Hata ukija na mfuko mtupu, mshahara wako wa mwezi mmoja utajenga jiko.

Mabati yamenunuliwa. Yako chini ya kitanda na mengine yameegemea ukuta, tukigeuka usingizini yanalia. Milango miwili ya mvule imetengenezwa na Wanyoike wa soko la Burma, fundi mwenye maringo lakini mkono wake haudanganyi. Kila akipita ananichokoza: "Mzee wa reli, milango ya Alego inazeekea Makongeni. Huyo ndugu anakuja kwa mguu?"

Nimemwambia Desemba. Nitakungoja Embakasi na koti lako mkononi.

Odongo


Karibu na Stuttgart
8 Machi 1987

Odongo, ndugu yangu,

Najua ulikwenda Embakasi. Anyango aliniandikia mstari mmoja kwenye kadi ya Krismasi: "Baba alikaa pale mpaka wafagiaji wakamwambia hakuna ndege nyingine." Nimeisoma mara nyingi. Sina la kujitetea, na salamu zangu leo ni za mtu anayesimama mlangoni bila kukaribishwa.

Nataka tu uelewe kwamba wimbo uliouimba ukitoka benki ndio msiba wetu huku. Marki moja haiwezi kupanda Nairobi ikabaki chini New York. Chukua gari moja la marki elfu themanini. Siku nilipokuandikia barua ile ya mvua na koti, Mmarekani angelipata kwa dola elfu ishirini na nne. Leo, kwa marki zile zile, atatakiwa kutoa arobaini na nne. Hatoi. Kampuni ikipandisha bei, mnunuzi anakimbilia magari ya Wajapani. Isipopandisha, inauza kwa hasara, maana ngozi na chuma na mimi mwenyewe tunalipwa kwa marki. Hakuna njia ya tatu, na wakubwa wameitafuta sana. Miaka ile ya neema walidhani ni uzuri wa magari unaouza. Hawakuweka akiba ya siku ya dola kuanguka.

Uani kwetu magari yasiyo na wenyewe yamepangwa hadi kwenye bustani ya miti ya matofaa. Mvua inayanyeshea, na ndani yake viti vyangu vinanukia upya. Kazi imepunguzwa. Mimi nimepewa Jumanne na Alhamisi, kwa sababu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nina shughuli mjini ambayo haiahirishwi. Usiniulize.

Nimewaza jambo. Koti langu unalo. Waulize wazee wa ukoo kama linaweza kusimama badala yangu. Litundikwe kwenye nguzo, lilale usiku mmoja, kisha wewe ujenge. Fedha ipo, na wewe mwenyewe umesema marki ina nguvu. Kilichokosekana ni mwili tu.

Opiyo


S.L.P. ya kanisa, Nairobi
23 Agosti 1987

Ndugu mkubwa,

Salamu. Kezia anakohoa kidogo kwa ajili ya baridi ya Julai, vinginevyo Mungu ni mwema. Nilistaafu Juni. Walinipa saa ya ukutani, na meneja akasoma jina langu vibaya. Miti ya matofaa uliyoitaja, Anyango anataka kujua kama watu wanaruhusiwa kuchuma.

Unasema nisikuulize kuhusu shughuli yako ya mjini. Kezia anadhani umeoa. Kama umeoa, sema, hakuna atakayekasirika.

Nilikwenda Alego na koti. Nililivaa njiani ili lisipate makunyanzi, nikawakuta wazee wamekaa kwa Jaduong' wa ukoo, mkubwa wao, ambaye sasa haoni lakini anasikia hata usilolisema. Nikaeleza. Akaomba alishike koti. Akalipapasa kola, mifuko, akatoa tiketi ya basi ya mwaka 1960 ambayo miaka yote Kezia hakuiona.

"Koti zuri," akasema. "Litakohoa asubuhi tulisikie?"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Likipata njaa, litaomba uji?"

Nami nikacheka, Opiyo, ingawa nilitaka kulia. Kisha Jaduong' akanyamazisha watu. Alisema njia ni tatu. Ya kwanza, uje, uweke nguzo, ulale usiku mmoja. Kwa kuwa mkeo Rispa alifariki na amelala bomani kwa baba, hawatadai uje na mke. Ya pili ni kifo, na hiyo hakuielezea. Ya tatu ni wewe mwenyewe kutamka, kwa mdomo au kwa mkono wako, maneno yasomwe mbele ya watu wote, kwamba hutarudi. Hapo watakuruka kama wanavyoruka mto uliokauka. Nami nitakuwa mkubwa. Lakini aliyetamka hivyo hajengi tena katika ardhi ile, na hazikwi pale.

Nikamwambia hiyo ya tatu sitaipeleka kwa ndugu yangu. Akasema, "Umeshaipeleka, maana utamwandikia."

Kweli nimekuandikia. Lakini sikuombi hiyo. Nakuomba uje. Uje hata kwa kukopa, hata kwa kuomba ruhusa kwa magoti. Lala usiku mmoja.

Odongo


S.L.P. ya kanisa, Nairobi
17 Januari 1988

Opiyo,

Barua yangu ya Agosti hujaijibu. Redio ilisema mwezi wa Oktoba masoko ya hisa ya Marekani yameanguka na dola nayo. Sikuimba.

Nimeficha jambo na sasa limenishinda. Hatuko Makongeni tangu Julai. Tuko Mukuru kwa Njenga, kwenye mabanda. Tulisema ni kwa mwezi mmoja, mpaka utakapokuja. Mwenye kiwanja alitupa nafasi bila nyumba, tukajibanza chini ya turubai, na mvua ya Novemba haikutuuliza. Tumejengea mabati ya Alego, Opiyo. Yale yaliyokuwa chini ya kitanda sasa ndiyo ukuta. Fundi ameyatoboa misumari kila mahali, hayatafaa tena.

Na mlango wako wa mvule ndio mlango wetu. Vijana wanaokwenda Industrial Area asubuhi wanaupiga kofi wakipita: "Niaje buda, hii ni benki?" Wangu niliuuza kununua dawa ya Kezia. Moshi wa viwandani umeingia kifuani mwake. Jana alisema, bila utani wake, "Mimi sitaki kubwa. Nataka nisizikwe kama mgeni. Mke asiye na nyumba yake kwao wanamwekea kibanda cha majani siku ya msiba ili apate pa kutokea. Nisitolewe kwenye kibanda."

Njoo.

Odongo


Karibu na Stuttgart
Jumapili, 6 Machi 1988

Odongo, pacha wangu,

Leo ni tarehe sita Machi 1988. Ni miaka ishirini na minane tangu Embakasi.

Nakusalimu wewe na Anyango, na zaidi ya wote nakusalimu wewe Kezia, shemeji yangu. Sikuoa. Ningeoa ungekuwa wa kwanza kujua, maana ningehitaji mtu wa kunitetea kwa mke.

Kuhama kwenu nilikuhisi. Barua za Makongeni mara nyingi uliniandikia ukilalamikia king'ora cha karakana, au kwaya, au choo cha uani. Ile ya Agosti haikuwa na king'ora wala mtaa. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ningekuuliza wewe ungeniuliza mimi.

Sasa nakujibu. Figo zangu zimekufa. Siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nalazwa kando ya mashine inayotoa damu yangu, inaisafisha na kuirudisha, saa nyingi kila mara. Nikikosa mara mbili navimba; nikikosa wiki, nitakuwa nimeichagua njia ya pili ya Jaduong'. Nimemuuliza daktari kuhusu kwetu. Alipiga simu mbele yangu. Mashine ziko chache Nairobi na wagonjwa wanazingoja; Alego hakuna. Nikamuuliza kuhusu usiku mmoja tu, kwenda na kurudi. Alinitazama, akasema moyo wangu hautahimili safari ya ndege. Uliponitania kuhusu ndoa nilitaka kukwambia, kalamu ikakataa.

Ile miaka ambayo mwili ulikuwa mzima ndiyo miaka dola ilikuwa juu. Nalifikiria hilo kila nikilala pale na bomba mkononi. Nilikuwa na miguu, sikuwa na ruhusa. Kisha nikawa na ruhusa nyingi kuliko nilivyotaka: mwezi wa Novemba kiwanda kiliwaondoa wazee wote wa idara ya viti. Dola haifiki marki moja na robo tatu, na hakuna daktari wa California anayetaka mshono wangu. Walitushukuru vizuri, wakatupa kiinua mgongo. Simlaumu mtu. Hakuna aliyekaa mezani kule New York akimfikiria Kezia.

Kiinua mgongo hicho nimekibadilisha chote na kukituma benki kwa jina lako. Shilingi zitakuwa nyingi. Marki haijawahi kuwa na nguvu kwetu kama ilivyo leo, na nimeona niitumie kabla nayo haijageuka. Nunua mabati mapya. Usiyang'oe ya Mukuru, mwachie atakayekuja. Mlango wangu wa mvule ung'oe uende nao. Uwe mlango wa Kezia. Mlipe Wanyoike aupige randa upya, na mwacheni aringe, ana haki. Jengeni kabla ya mvua za Aprili, na yeye aingie akitembea kwa miguu yake.

Palilia kaburi la Rispa. Nilitegemea kulala karibu naye, nimekwisha kumweleza kwa namna yangu. Koti livae wewe sasa. Ni la mkubwa.

Yanayofuata Anyango ayasome kwa sauti mbele ya wazee, polepole, na baba yake asimkatize.

Wazee wangu wa Alego, mnisikie. Ninaandika kwa mkono wangu, akili zangu zikiwa timamu, bila kulazimishwa na ndugu yangu, ambaye aliniomba nisiandike hivi. Nilimtangulia Odongo kuzaliwa, leo ninampisha. Mrukeni Opiyo. Ardhi yangu ni yake, na nguzo ya kwanza ni yake.

Mimi, Zedekiah Opiyo, sitarudi.